Kiungo cha X au cha H? Majaribio ya ekzosi ya Fairlady Z hapa Dodoma

Gari ninalolizungumzia ni Nissan Fairlady Z ya mwaka 2003, toleo la Z33, lenye injini ya VQ35DE ya lita 3.5 na gia sita za mkono. Lilifika Dodoma likiwa na ekzosi yake ya kiwandani, lakini bomba lilikuwa limeliwa na kutu kwa chini, jambo la kawaida kwa magari yaliyotumika katika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Siku sailensa ya katikati ilipotoboka tukiwa tunakaribia Ihumwa, ilinibidi niamue. Ningeweza kurudisha mfumo wa awali, ambao mabomba mawili yanayoshuka kutoka kwenye injini hukutana kwa umbo la Y na kuwa bomba moja hadi nyuma. Au ningeweza kujenga mabomba mawili yanayokwenda sambamba mpaka mwisho, na hapo ndipo swali la kiungo linapozaliwa, yaani mabomba hayo yaunganishwe wapi, na kwa umbo gani.

Kwa muda unaozidi mwaka mmoja nimeendesha gari hili likiwa na mabomba mawili yasiyounganishwa kabisa, kisha likiwa na kiungo cha H, kisha kiungo cha X, na katikati ya safari hiyo nilirudi kwenye Y kwa wiki sita ili niwe na kitu cha kulinganisha. Ninaandika kwa sababu ushauri mwingi unaosomwa na vijana wa hapa kuhusu jambo hili umetokana na magari ya Kimarekani yenye silinda nane, na ushauri huo ukihamishiwa kwenye injini ya silinda sita bila kuchujwa humfanya mtu atumie fedha nyingi na kupata mlio ambao hakuutaka.

Kazi ya kiungo haieleweki mpaka mtu aifahamu injini inavyopiga. VQ35DE ina silinda tatu kila upande, na pande hizo mbili zimeachana kwa pembe ya nyuzi 60. Silinda huwaka kwa mfuatano wa 1-2-3-4-5-6, na kwa kuwa namba witiri ziko upande mmoja na namba shufwa upande wa pili, mlipuko huruka kutoka upande hadi upande bila kukosea. Katika kila mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kila bomba hupokea mapigo matatu ya moshi yaliyoachana kwa nafasi sawa kabisa. Sasa tuchukue mfano wa barabarani: kwa gia ya sita na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini ya gari hili huzunguka takribani mara 2,200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kila bomba, likiwa peke yake, hubeba mapigo 55 kwa sekunde. Mapigo ya pande zote mbili yakichanganywa katika bomba moja huwa 110. Kwa lugha ya muziki, hiyo ni oktavu moja juu. Ugomvi wote wa X na H, kwa injini ya namna hii, umo ndani ya tofauti hiyo ya 55 na 110: kiungo kinachochanganya sana hupandisha sauti, kiungo kinachochanganya kidogo huiacha nzito, na mabomba yasiyounganishwa huiacha pale chini, mahali ambapo mwili wa gari na vioo vyake hupenda kutetema.

Injini ya V8 ya kawaida ni kiumbe kingine. Tuitazame ile ya Toyota ya 1UZ-FE, ambayo wapenzi wa Crown na Celsior wanaifahamu vizuri: mfuatano wake ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na ndani yake silinda ya 8 na ya 4, ambazo ziko upande mmoja, huwaka zikifuatana, kama ambavyo ya 5 na ya 7 hufuatana upande wa pili. Kwa hiyo kila bomba la V8 hupokea mapigo yasiyolingana nafasi, mawili yakisongamana na kisha pengo refu, na ndiyo sababu V8 huunguruma kwa kugugumia. Kiungo cha H huiachia tabia hiyo, na kiungo cha X huilainisha. Mwenye V8 anapoandika kwamba H ina mngurumo mtamu, anasema kweli kuhusu gari lake. Mwenye Fairlady akinunua H kwa kutarajia mngurumo huo, hataupata, kwa kuwa haumo katika injini yake tangu mwanzo. (Wenye Subaru nao huuliza, kwa hiyo niseme kwa kifupi: mlio maarufu wa Impreza na Forester za zamani unatokana na mabomba ya kwanza kabisa kutoka kwenye silinda kutolingana urefu, wala hakuna kiungo cha katikati kinachohusika.)

Nilianza na mabomba mawili bila kiungo, na sababu yake ilikuwa fedha. Fundi mmoja wa Kizota alinichomelea mabomba mawili ya inchi mbili na nusu, kila moja na sailensa yake ndogo nyuma, na tukakubaliana kwamba kiungo kingefuata baadaye. Nilivumilia miezi miwili. Katika mizunguko kati ya 3,000 na 4,000 gari lilitoa mlio wa debe linaloburutwa juu ya changarawe, mlio ambao wenye injini za VQ duniani kote wanaulalamikia, na katika mwendo wa kusafiria kulikuwa na mvumo mzito usiokatika ambao mtu hausikii kwa masikio tu bali huuhisi kifuani. Safari ya kwanza kwenda Morogoro, kilomita takribani 260, ilinitosha. Tulipofika Gairo mke wangu alishuka akiwa ameshika kichwa, akaomba maji, akakaa kivulini kwa nusu saa kabla ya kukubali kuendelea. Kipimo cha sauti cha simu, nikikiweka kati ya viti viwili kwa kilomita 100 kwa saa vioo vikiwa vimefungwa, kilisoma desibeli 79. Kipimo cha simu si chombo cha maabara, lakini nimetumia simu ile ile mahali pale pale kwa majaribio yote, kwa hiyo tofauti kati ya namba moja na nyingine ina maana hata kama namba yenyewe haina usahihi kamili.

Kiungo cha H kilifuata. Umbo lake ni rahisi: bomba fupi la kukingama linalounganisha mabomba mawili marefu, na gesi hailazimiki kupita humo, shinikizo la upande mmoja hupata tu mlango wa kupumulia upande wa pili. Kazi kubwa ilikuwa kuchagua mahali pa kukiweka. Nilikuwa nimekuja na kipimo nilichokisoma mahali, lakini fundi mzee aliyekuwa akisimamia kazi alikikataa kwa upole. «Mwanangu, tusikisie,» aliniambia, «tupake rangi tuone inaungulia wapi.» Alichukua rangi ya mafuta ya bei nafuu, ile inayopakwa kwenye mageti, akayapaka mabomba yote mawili kuanzia kwenye flenji iliyo nyuma ya kisafisha moshi mpaka katikati ya gari, akaiacha ikauke tangu asubuhi hadi mchana, kisha injini ikawashwa na kushikiliwa kwenye mizunguko 3,000. Tulikaa tumeinama chini ya gari lililoinuliwa tukitazama. Rangi ilianza kutoa malengelenge karibu na flenji, ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi, na weusi ukasogea nyuma polepole mpaka ukafika kama sentimita 45 na kusimama. Nyuma ya hapo, kuelekea mwisho wa gari, rangi iling'aa kama ilivyopakwa. Pale weusi ulipokoma, upande wa kushoto na wa kulia kwa tofauti isiyozidi upana wa vidole viwili, ndipo fundi alipopiga alama kwa chaki.

Njia hii ni ya mafundi wa magari ya mashindano ya zamani, na siichukulii kama kipimo cha mwisho, kwa kuwa mahali ambapo rangi inaungulia hutegemea pia upepo, unene wa bomba na kasi ya injini. Hata hivyo kanuni yake ni sahihi: kiungo hufaa kikae sehemu ya mbele, karibu na injini, ambako mapigo bado yana nguvu, na kikisogezwa nyuma karibu na ekseli athari yake hupungua. Niliona kwa macho yangu kazi za watu waliochomelea H mbele kidogo tu ya sailensa za nyuma kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi, na nilipoyasikiliza magari hayo sikuweza kuyatofautisha na gari langu lilivyokuwa bila kiungo.

H ilibadilisha gari. Mvumo wa kusafiria ulishuka hadi desibeli 75, kuondoka kutoka kwenye mizunguko 1,500 kukawa kwa ulaini zaidi, na sauti ilibaki nzito kwa namna ya heshima, isiyowageuza watu shingo pale unapopita kwenye mzunguko wa magari mjini. Mlio wa debe ulipungua lakini haukwisha. Nadhani sehemu ya lawama ni yetu wenyewe, kwa kuwa bomba la kukingama tulilotumia lilikuwa la inchi mbili wakati mabomba makuu yalikuwa ya inchi mbili na nusu; kiungo chembamba hupitisha mchanganyiko mdogo, na leo ningesisitiza kipenyo kiwe sawa na cha mabomba makuu.

Tatizo la H lilijitokeza baada ya kilomita kama 3,000. Tulikuwa tumetoka Kondoa, na kabla ya kurudi lami tulipita kipande cha barabara ya vumbi yenye mawimbi karibu na Kolo. Asubuhi iliyofuata, gari likiwa baridi, nilisikia kitu kama mtu anayepumua kwa meno yaliyofumbwa. Nilipolala chini na tochi niliona, kuzunguka mahali bomba la kukingama lilipochomelewa upande wa kulia, mstari mweusi wa masizi mwembamba kama uzi. Ulikuwa ufa. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa sababu itampata kila anayejenga H bila kufikiri. Stenlesi ya kundi la 304 hutanuka sana kwa joto: bomba la mita moja likipanda nyuzi joto 400 hurefuka kwa karibu milimita 7, wakati chuma cha kawaida hurefuka kwa karibu milimita 5. Bomba la kushoto na la kulia havipati joto sawa wala havikushikwa sawa na mipira ya kuning'inizia, na juu ya hayo injini hujipinda kwenye vishikizo vyake kila unapokanyaga mafuta. Ukiyafunga mabomba mawili hayo kwa chuma kigumu kilichochomelewa ncha zote mbili, nguvu yote ya kuvutana huishia kwenye weldi. Kiungo cha H kinatakiwa kiwe na sehemu ya kuchezea, ama kipande cha bomba la mikunjo, ama ncha moja iingie ndani ya nyingine na kufungwa kwa klempu. Fundi aliyefanya kazi ile hakulijua hilo, nami sikulijua, na tulilipia kwa kukata na kuchomelea upya.

Ni katika kipindi hicho cha kukata ndipo nilipoagiza kiungo cha X kupitia kwa wakala wa Kariakoo, Dar es Salaam. Katika X mabomba mawili huletwa pamoja mpaka yagusane, ukuta unaoyatenganisha hukatwa, na kisha yanaachana tena. Gesi ya upande mmoja inapopita kwa kasi pale kwenye fundo huvuta nyuma yake gesi ya upande wa pili, na kwa kuwa mapigo ya VQ yanapokezana kwa nafasi sawa, kila pigo hukuta njia imefunguliwa na lililotangulia. Mchanganyiko ni mkubwa kuliko wa H, na sauti hupanda kuelekea ile oktavu ya juu.

Usikinunue kiungo hiki kwa kutazama nje. Cha kwanza nilicholetewa kiling'aa kama sufuria mpya, lakini nilipochungulia ndani kwa tochi niliona matone ya weldi yamening'inia kando ya mkato kama punje za mtama, na shingo ya fundo ilikuwa imebanwa kiasi kwamba kidole gumba kiligusa pande zote mbili. X ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kiungo, kwa sababu inaziba njia mahali ambapo ilipaswa kuifungua. Niliirudisha, nikaongeza fedha, nikapata iliyokatwa vizuri, yenye mdomo mpana katikati na ukuta laini ndani. Hata hiyo niliipitisha grainda ndogo kabla ya kufungwa. Mnunuzi akumbuke pia kwamba mabomba huingia kwenye fundo kwa pembe, na pembe ikiwa kali gesi hugonga ukuta badala ya kuteleza. Ile yenye mikono mirefu inayokaribiana taratibu ni bora kuliko ile fupi iliyojikunja kama mtu aliyekaa kitako.

X ilikuwa na shida yake ya kimwili, nayo ni upana. Chini ya Z33 hakuna nafasi ya kuchezea, na fundo lile pana lilikaa chini ya boriti la kushikilia gia likiwa limeshuka kuliko mabomba yenyewe. Wiki ya kwanza lilikwaruza kila tuta la mtaa wa Kisasa, na nikaanza kuyapita matuta kwa kukata mshazari kama anayevuka mto, jambo ambalo haliwapendezi walio nyuma yako. Tulilifungua, tukalisogeza nyuma sentimita 12 ambako sakafu ya gari imepanda, na tukapata nafasi ya sentimita mbili zaidi. Tangu hapo limegusa mara moja tu, gari likiwa na watu wawili na mizigo. Kwa mtu anayeishi mitaa ambayo lami bado haijafika, neno langu ni kwamba apime nafasi hii kwa rula kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Sauti ya X peke yake ilikuwa desibeli 74 katika mwendo wa kusafiria, tofauti ndogo na H, lakini aina ya sauti ilikuwa nyingine kabisa. Mvumo wa kifuani uliondoka. Kutoka mizunguko 4,500 kwenda juu gari lilianza kuimba kwa sauti moja safi, na ule mlio wa debe ukabaki kwa nafasi fupi karibu na 3,200 tu. Nilipoongeza resoneta mbili ndogo za sentimita 30, kila bomba na yake, nyuma tu ya fundo, mabaki yale nayo yalikwisha na kipimo kikashuka hadi 71. Resoneta si sailensa. Ni bomba lililonyooka lenye matundu lililozungukwa na pamba ya kuzuia joto, nalo hula sauti kali bila kuziba gesi. Laiti ningeziweka tangu siku ya kwanza. Kwa injini ya VQ nazihesabu kuwa sehemu ya kiungo chenyewe.

Kuhusu nguvu, nitasema nilichokipima na si zaidi. Nilitumia kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma taarifa kwenye simu, nikapima muda wa injini kupanda kutoka mizunguko 2,000 hadi 4,500 kwa gia ya tatu, ambayo kwa gari hili ni kutoka kilomita 44 hadi 100 kwa saa. Nilifanya hivyo alfajiri, kwenye kipande kimoja kilichonyooka nje ya makazi, mara tano kwa kila mfumo. Matokeo yote yaliangukia kati ya sekunde 5.6 na 6.0, na tofauti ya asubuhi moja na nyingine kwa mfumo ule ule ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya X na H. Juu ya mizunguko 5,000 nahisi X inavuta kwa uhuru zaidi, lakini hisia inayotoka sikioni hudanganya, na sitaiandika kama kipimo. Anayekuuzia kiungo kwa ahadi ya farasi ishirini mwulize amezipima wapi.

Tena tuko juu ya mwinuko wa takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Gari hili nchini Japani lilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280. Hapa Dodoma halizitoi zote, na ukishuka nalo hadi Morogoro, ambako ni takribani mita 500, utalihisi limeamka bila mtu kuligusa. Tofauti hiyo ya hewa peke yake inazidi chochote ambacho kiungo kinaweza kuleta, na ndiyo sababu majaribio ya kulinganisha lazima yafanyike mahali pamoja na saa zinazofanana.

Wiki sita za Y zilinifundisha heshima kwa wahandisi waliolichora gari. Nilipata Y iliyotumika yenye hali nzuri pamoja na sailensa zake, na kipimo kilisoma desibeli 68, chini kuliko vyote. Mlio wa debe haukuwapo, kwa kuwa mapigo yote sita yalikuwa yamekwisha kuchanganyika kabla ya kufika chini ya viti. Uzito wake pia ni mdogo kuliko mabomba mawili. Kama bomba lako la kiwandani bado ni zima, huna sababu ya kiufundi ya kulitoa. Nililitoa kwa sababu nilitaka sauti, na sauti ni sababu halali kabisa ya kulipenda gari la michezo, ilimradi mtu asijisingizie kwamba anatafuta kitu kingine.

Kuna jambo moja ambalo sikulibadilisha katika mifumo yote, nalo ni visafisha moshi viwili vilivyo karibu na injini, vile vyenye sega la udongo mgumu ndani. Nimeshauriwa mara nyingi nivitoboe au niviuze, kwa kuwa vina madini yenye thamani na wanunuzi wapo. Sikukubali. Moshi usiochujwa wa lita 3.5 za petroli unawaingia watoto wanaosubiri bodaboda kando ya barabara, na tena visafisha moshi hivi hukata sehemu kubwa ya ile sauti kali ambayo watu hulipa fedha nyingine kuiondoa. Majaribio yote niliyoyaeleza yalifanywa vikiwa mahali pake, na atakayevitoa asitegemee matokeo kama yangu.

Kwa upande wa malighafi, hali ya hewa yetu ni rafiki. Dodoma ni kavu, mvua yake ni ya miezi michache, na hakuna chumvi hewani kama Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo bomba la chuma cha kawaida lililopakwa aluminiamu litadumu miaka mingi kwa bei ndogo na halitavutana kwa joto kama stenlesi. Ningejenga upya leo, ningetumia chuma hicho kwa mabomba marefu na kuiacha stenlesi kwa fundo tu. Uchomeleaji wa stenlesi nao una masharti: ufanywe kwa gesi ya agoni, na ndani ya bomba pia kuwe na gesi hiyo wakati wa kuchomelea, la sivyo weldi huchakaa kwa ndani na kuwa kama sukari iliyoungua. Wapo mafundi wachache mjini wanaolifanya hili sawasawa, na unaweza kuwatambua kwa kuomba kuona upande wa ndani wa kazi yao ya zamani.

Gharama zangu zilikuwa hivi: kiungo cha X kizuri, shilingi 340,000 pamoja na usafiri, resoneta mbili, shilingi 180,000, kazi ya kukata, kupanga na kuchomelea, shilingi 150,000. Kiungo cha H kilikuwa kimenigharimu shilingi 90,000 tu kwa jumla, kabla ya ufa.

Kwa Fairlady ya mabomba mawili, basi, nachagua X pamoja na resoneta zake, na nachagua hivyo bila kusita, kwa sababu injini yenye mapigo yanayopokezana sawa hupata katika X kile ilichokuwa inakikosa. Mwenye V8 anayependa mngurumo wa kugugumia achukue H, aijenge na sehemu ya kuchezea, na asipunguze kipenyo. Mwenye safari za kila wiki kwenda Morogoro au Singida akiwa na familia, na Y yake ikiwa haijatoboka, aiache. Na yeyote atakayebakiwa na mvumo katika mwendo mmoja tu, hata baada ya yote haya, anaweza kuchomelea pembeni mwa bomba tawi lililozibwa mwisho, lenye urefu unaokaribia mita moja kwa mvumo wa mapigo 110 hadi 120 kwa sekunde. Mwangwi unaorudi kutoka kwenye ncha iliyozibwa huufuta mvumo huo. Mimi sikulihitaji.

Jumatatu iliyopita nililipandisha gari juu ya vishikilizi ili nikaze bolti za flenji, kazi ninayoifanya kila baada ya kilomita 2,000. Stenlesi imekwisha kubadilika rangi kwa joto: samawati kwenye mikono ya mbele, zambarau pale kwenye fundo, na rangi ya asali kuelekea kwenye resoneta. Niliipitisha tochi upande wa kushoto, kisha wa kulia, nikatafuta uzi wa masizi kwenye kila weldi. Haukuwapo, na rangi za pande zote mbili zilikuwa zimeanzia na kukomea mahali pamoja.